Risasi Tano Zilizobaki Nyumbani

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: msichana, miaka kumi na minane. Jina kamili limeandikwa kwenye jalada.
Kazi: amemaliza sekondari mwaka huu, anasubiri matokeo. Anamsaidia mama yake mdogo kushona sare za wanafunzi.
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga, jirani na karakana ya seremala.
Tarehe ya maelezo: 15 ya mwezi huu, siku ya Jumatano.

Mimi ndiye niliyetoa risasi kwenye bunduki ya baba mdogo. Hakuziuza, na mwenzake mliyemfungia hakuziiba. Nilizitoa mimi kwa mikono yangu, na mpaka ninapoandika hapa sijamwambia mtu yeyote. Nimemwomba afisa aniruhusu niandike mwenyewe kwa sababu nikiongea mbele ya mtu nisiyemzoea sauti yangu hukatika.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Amenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Yeye na mkewe, ambaye mimi humwita mama mdogo, hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa zamu ya mchana kwenye ghala la vifaa vya ujenzi lililo barabara ya viwandani, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Getini walikuwa wawili. Kampuni yao humpa bunduki mlinzi mmoja tu kila lindo, na bunduki alipewa yeye. Mwenzake alipewa rungu na filimbi, ndiyo maana pale ghalani kila mtu anamwita Babu Filimbi. Yeye mwenyewe husema wezi wakija atawapigia muziki mpaka wachoke kuiba.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa huu. Kila jioni msimamizi hupita na gari kwenye malindo yote kukusanya bunduki. Mlinzi huelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, hutoa risasi moja moja mbele ya msimamizi, zinahesabiwa, wote wawili wanasaini kitabu. Asubuhi zinarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa mwezi uliopita injini ya gari ikafa. Msimamizi akawaambia kila mmoja akae na bunduki yake nyumbani mpaka gari lipone, na kitabu watasaini Ijumaa kwa wiki nzima. Nimesikia kampuni imewaambia polisi kwamba bunduki ilirudishwa kila jioni. Si kweli. Ililala kwetu usiku zaidi ya thelathini.

Ilikaa kwenye kabati la sebuleni, na sebuleni ndiko ninakolala mimi. Ufunguo uliwekwa juu ya saa ya ukutani.

Siku za mwanzo sikuweza kulala nikilielekea kabati. Baba mdogo aliona. Jumapili moja mchana aliijaza mchanga ndoo ya kudekia, akaniita. Alisema, "Mama, njoo. Usichokijua ndicho kinachokutisha." Aliniita mama tangu nikiwa mdogo. Akanionyesha pa kubonyeza, jinsi risasi zinavyotoka moja baada ya nyingine, na jinsi ya kuzirudisha. Zilikuwa tano, nyekundu, nene kama kidole gumba. Akanifanya nirudie mara tatu. Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, akasema wenzangu wanafundishwa kupika, mimi nafundishwa vita. Baba mdogo akasema anayejua kuitoa risasi hafundishwi vita, anafundishwa kulala usingizi.

Naomba nieleze jambo la shuleni kwa sababu lina uhusiano na haya. Muhula wa mwisho tulikuwa na mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba bunduki zikiondolewa mikononi mwa raia, uhalifu utapungua. Mimi nilipangwa kuwa msemaji wa pili wa kuunga mkono. Niliandika kurasa sita. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikawaona watu wote wananitazama, nikakaa. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi. Baba mdogo aliomba kurasa hizo akazisoma zote jioni hiyo. Aliniuliza kama kweli nimeziandika mwenyewe. Kisha akasema nimesema kweli tupu, ila mimi na yeye na mama mdogo tunakula kutokana na hiyo bunduki, kwa hiyo kurasa hizo nisimwonyeshe msimamizi.

Jioni nyingi baba mdogo, Babu Filimbi na fundi seremala wa jirani walikaa kwenye benchi la seremala wakibishana juu ya mambo hayo hayo. Mimi nilikuwa nikipiga pasi sare dirishani na niliwasikia. Mwaka huu mtaani kwetu na barabara ya viwandani watu wameporwa sana. Seremala alisema bunduki ni kama nyundo yake, haiinuki yenyewe. Babu Filimbi alisema chanzo ni matumbo. Alitoa mfano wa vijana wapakiaji walioachishwa kazi ghala liliponunua mashine ya kunyanyulia mizigo, akasema ukimfukuza mtu mchana usishangae akirudi kwa njia nyingine. Seremala akamjibu kwamba wenye njaa mtaani ni wengi, mbona si wote wanaovunja milango. Babu Filimbi akasema, "Kwa sababu si wote waliopata bastola, fundi. Njaa anayo kila mtu." Baba mdogo alikuwa na kawaida ya kusikiliza tu. Siku hiyo alisema yeye amebeba bunduki miaka kumi na moja, hajawahi kuifyatua, na anamwomba Mungu astaafu hivyo.

Mnamo tarehe 27 mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, mvua ilinyesha sana. Vipande vya mbao vya seremala vilikuwa vimeziba mtaro, maji yakaingia ndani kwetu na kulowesha sare arobaini zilizokuwa zimekwisha kushonwa. Mama mdogo alilia. Baba mdogo alikuwa amerudi mapema kwa sababu ghala lilifungwa. Alitoka akamwita seremala, wakaanza kujibizana. Seremala alimwambia maneno yaliyomgusa, kwamba mwanamume anayelishwa na cherehani asimpigie kelele mwenye karakana. Baba mdogo aliingia ndani. Nilidhani anakuja kukaa. Alishusha ufunguo juu ya saa, akafungua kabati, akatoka na bunduki.

Hakumwelekezea. Nasema ukweli kwa sababu ni marehemu na hawezi kujitetea. Alisimama nayo mlangoni, ameishika kifuani, mvua inamnyeshea. Seremala aliacha kuongea. Kisha akasema polepole, "Jirani. Hata kwa mtaro?"

Baba mdogo aliiangalia mikono yake kama si yake. Akarudi ndani, akaifungia. Asubuhi yake walizibua mtaro pamoja, seremala akaleta misumari bure ya kutengeneza meza ya cherehani, wakacheka. Kwao yakaisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba mdogo pale mlangoni na niliona kidole chake kilipokuwa. Kwangu hayakuisha.

Usiku ule ule wa ugomvi, walipolala, nilielekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga nikazitoa risasi zote tano kama alivyonifundisha. Nilizitia kwenye soksi ya shule, nikaiweka ndani ya begi langu. Nilifikiri, hasira haichagui saa, ila ikija usiku itaikuta bunduki tupu. Saa kumi na moja alfajiri huwa naamka kumchemshia baba mdogo chai. Nilizirudisha kabla hajatoka chumbani. Nikafanya hivyo kila siku. Mara kumi na moja nilizitoa na kuzirudisha na hakuna aliyejua. Nililala vizuri. Niliona kwamba hatimaye nimefanya jambo.

Baba mdogo hakuwa akiikagua asubuhi. Wiki ya kwanza aliikagua. Baadaye mama mdogo alipomuuliza mbona siku hizi haifungui, alisema amezipakia mwenyewe, nani atazitoa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Alhamisi, niliamka saa kumi na moja kama kawaida. Mlango wa kabati ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na kitu. Mama mdogo aliniambia msimamizi alipiga simu, lori la saruji limewahi kufika, kwa hiyo baba mdogo ametoka tangu saa kumi. Alisema pia kwamba aliichukua bunduki gizani bila kuwasha taa na viatu amevivalia nje, ili asiniamshe.

Begi lilikuwa kichwani pangu. Niliibonyeza soksi kwa nje nikazihisi zote tano.

Simu ilikuwa ya mama mdogo, na ilikuwa mezani karibu na mkono wake. Alipokwenda uani niliichukua nikaandika ujumbe: Baba mdogo, bunduki haina risasi, ninazo mimi. Sikuutuma. Nilifikiri atapiga simu hapo hapo, mama mdogo atapokea, nitaulizwa kwa nini, na itabidi niseme mbele yao kwamba nimekuwa nikimwogopa mtu aliyenilea. Niliufuta. Saa sita kasoro huwa nampelekea chakula ghalani. Niliamua nitampa mkononi, polepole, pembeni, na yeye hatanigombeza mbele ya watu. Kutoka saa kumi na moja mpaka saa sita ni saa saba. Mwaka mzima hakujatokea kitu pale getini. Niliona saa saba si nyingi.

Nilitoka nyumbani saa tano na dakika kumi. Kwenye kikapu nilikuwa na bakuli la chakula, chupa ya chai, na chini yake soksi. Nilifika geti la ghala saa tano na dakika arobaini. Nina hakika na saa kwa sababu juu ya dirisha la malipo pana saa kubwa.

Mlango mdogo wa geti ulikuwa wazi. Nje palikuwa na pikipiki inaunguruma, haina mtu. Nilichungulia. Kijana mmoja mwenye kofia ya pikipiki alikuwa amesimama kwenye dirisha la malipo, amemwelekezea karani bastola. Mwingine alikuwa karibu na mlango, hatua kama sita kutoka kwangu, amenipa mgongo, naye ana bastola. Babu Filimbi alikuwa ukutani, mikono juu. Filimbi ilikuwa mdomoni. Aliipuliza mara moja, kwa nguvu.

Baba mdogo alitokea nyuma ya rundo la saruji. Alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Kijana wa karibu na mlango alimwambia, "Mzee, lala chini. Hatukukutaka wewe."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayeomba apishwe njia.

Baba mdogo aliiweka bunduki begani. Alisema, "Kijana, weka chini hiyo nami nitaweka hii."

Nilitaka kupiga kelele. Niliyajua maneno, yalikuwa mawili tu: haina kitu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, kama siku ile ya mdahalo. Kijana aliinua bastola. Baba mdogo akafyatua. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyefunga sanduku. Aliitazama ile bunduki. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake mwenyewe aliyemjibu vibaya mbele ya wageni. Akaikoki, akafyatua tena, ikalia vile vile. Kijana akampiga risasi mbili. Alianguka ameegemea mifuko, kisha akateleza.

Wale wawili walikimbia wakanipita mlangoni. Yule aliyepiga alinigonga bega, chai ikamwagika. Alikuwa analia. Sijui kama hilo lina maana kwa upelelezi, lakini nimeliona.

Babu Filimbi alikwenda alipolala baba mdogo, akapiga magoti, akaichukua bunduki na kuifungua. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Haina kitu. Haina hata moja." Hiyo ndiyo sababu yuko mahabusu leo siku ya saba. Watu wamesema amejuaje. Hakujua. Aliifungua akaona. Mimi nilikuwapo na niliona uso wake wakati anaifungua.

Nilipofika karibu, baba mdogo alikuwa hapumui. Sijui kama aliniona. Askari aliyekuja aliniuliza mimi ni nani, nikasema nimeleta chakula. Hakuniuliza jingine. Nikarudi nyumbani na kikapu, na soksi ikiwa ndani yake.

Tulimzika Jumamosi tarehe 11. Msimamizi alikuja, akasimama nyuma. Baadaye alimwambia mama mdogo, "Shemeji, pole sana, lakini risasi hazipotei zenyewe." Mama mdogo akamjibu, "Na mtu je? Hupotea mwenyewe?" Msimamizi akaondoka.

Matangani ubishi ulianza upya. Kuna waliosema angekuwa na risasi angekuwa hai. Kuna waliosema asingekuwa na bunduki kabisa angelala chini kama alivyoambiwa, na angekuwa hai. Seremala hakubishana. Alikaa kwenye benchi lake. Mimi nilikuwa napitisha chai, na niliona kila mmoja wao anasema kweli. Nimelifikiria sana. Sijui kama angepona bunduki ikiwa na risasi, maana wao walikuwa wawili na bastola mbili. Labda angekufa yeye na kijana mmoja pia. Ninachokijua ni kimoja. Kama angejua haina kitu, angelala chini. Alisimama kwa sababu alizitegemea zile tano, na zile tano alikuwa nazo mwanafunzi wake.

Nimesikia kijana mmoja amekamatwa na kwamba ni kati ya wale wapakiaji walioachishwa. Sikumtambua kwa sababu ya kofia, na sitasema nimemtambua.

Kilichonileta leo ni hiki. Jana saa tisa alasiri mke wa Babu Filimbi alikuja kwetu. Mama mdogo na yeye wamejuana miaka mingi. Mama mdogo hakumfungulia. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu ili asisikie hodi. Yule mama akasema kutoka nje, "Mwenzangu, wewe umezika. Mimi sijui nizike au nisubiri." Mama mdogo aliacha kushona. Akaniambia mimi, si yeye, kwamba mikono ya baba mdogo ilikuwa safi, kwa hiyo aliyeuza risasi ni yule yule aliyejua bunduki ilikuwa tupu, na hatamfungulia mke wa muuaji mlango wake. Nilisimama katikati ya mlango na cherehani. Nilikuwa na pasi mkononi. Yule mama alisubiri kidogo, akaenda zake.

Usiku sikulala. Leo asubuhi nimemwambia mama mdogo naenda kununua nyuzi.

Risasi zote tano nimezileta, ziko kwenye soksi mezani. Hazijatumika. Naomba Babu Filimbi aachiwe leo, maana ana kisukari na mkewe amesema mahabusu hapati dawa kwa wakati. Naomba kampuni iandikiwe kwamba baba mdogo hakuuza kitu, na kwamba bunduki ililala kwetu kwa amri ya msimamizi. Mimi nipelekwe panapostahili. Sina la kujitetea zaidi ya haya niliyoandika.

Nina ombi moja, nalo ni kwa yeyote atakayeshika karatasi hizi. Mwambieni mama mdogo kwamba mumewe hakuuza risasi. Mwambieni amfungulie mlango mke wa Babu Filimbi. Mkiulizwa nani alizitoa, semeni bado mnachunguza. Mimi nimebaki na yeye, na yeye amebaki na mimi, na ananiambia kila siku kwamba Mungu mkubwa, angalau mtoto sikunyang'anywa. Tafadhali msimwambie ni mimi.

Hapa ndipo ninapoishia. Nimeandika kwa hiari yangu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu.

Saini ya shahidi: (imesainiwa)

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, chumba namba nne, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi hadi saa saba kasoro mchana. Nimemsomea yote, amethibitisha ni sahihi. Nimepokea risasi tano nyekundu ndani ya soksi nyeupe. Zimefungwa na kutiwa alama kama kielelezo. Namba zake zinalingana na kitabu cha kampuni. Nimependekeza mlinzi aliye mahabusu aachiwe leo kabla ya jioni.

Nimemweleza shahidi kwamba maelezo haya yanaingia kwenye jalada, yatasomwa mahakamani, na kwamba mke wa marehemu ni mlalamikaji, ana haki ya kuyasikia. Ameitwa afike kesho saa tatu asubuhi. Nimemwambia shahidi siwezi kumwahidi analoomba, na kwamba akitaka anaweza kulikata ombi hilo kwa kalamu na kusaini pembeni.

Alikaa na kalamu muda mrefu. Kisha akairudisha, akasema kwa sauti ya kusikika vizuri kwamba libaki kama lilivyo.

Saini ya afisa: (imesainiwa)